Kisanduku cha Jina Moja

Fomu ya ufadhili ilikuwa na kurasa sita.
Ukurasa wa pili, kisanduku:
JINA LA KIONGOZI WA TIMU. Herufi kubwa. Usivuke mstari.

Sisi hatukuwa na kiongozi.
Tulikuwa na bisibisi moja,
na aliyeishika ndiye aliyesema.

Mota ya kulia ilikuwa ya waipa ya Scania,
Semboja kaipata gereji moja Majani Mapana
kwa kuosha magari Jumamosi tatu.
Ya kushoto tuliing'oa kwenye printa ya ofisi ya kata,
iliyokufa na karatasi mdomoni.
Moja ina kifua cha punda, nyingine pumzi za kifaranga;
basi roboti yetu, ukiiambia nenda mbele,
huchepuka kushoto kama mtu anayemkwepa mdai wake.
Rehani akaifunga ile ya Scania kamba ya mkonge,
ipunguze jeuri.

Kazi yake ilikuwa kuchambua machungwa:
mabichi huku, mabivu kule.
Tuliipa jicho la kutambua rangi, kama kitabu kilivyosema.
Mwantumu akaitazama ikimwaga tenga zima upande wa mabichi,
akacheka mpaka akakaa chini.
"Kitabu chenu hakijafika Muheza.
Chungwa la kwetu huiva na kanzu yake ya kijani.
Lishike. Lililoiva lina uzito wa maji."
Mama yake anauza Mgandini tangu yeye yuko mgongoni.
Usiku ule tuling'oa jicho, tukaweka mizani.

Dar, jaji mwenye tai akakunja uso:
"Hili ni la kijani. Mashine imekosea."
Mwantumu hakujibu.
Akatoa kisu, akalimenya, ganda likashuka utepe mmoja,
akampa nusu.
Jaji akala. Akafuta kidevu. Akaandika kitu.
Tukawa wa tatu,
na wa tatu nao walikuwa na fomu.

Ada yote, bweni, vitabu, hela ya chakula.
Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi:
Fizikia isipungue B.
Matokeo yalipobandikwa, B ilikuwa moja, yangu.
Mwantumu alipata D.
Mtihani haukumuuliza habari za machungwa.

Kwanza niliandika majina yote manne.
Yakabanana mle ndani, la Rehani likatokeza mguu nje.
Baada ya wiki, simu:
"Binti, tunaomba jina moja tu."
Sauti ya upole kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Tukakutana karakana ya shule, hakuna aliyeketi.
Ukurasa wa nne ulitaka: Eleza tatizo ulilolitatua.
Nikasema, jibu hili si langu.
Semboja akatazama paa.
Rehani akafungua nati iliyokwisha kukazwa,
akaikaza tena.
Mwantumu akachukua bisibisi mezani,
akanipa, mpini ukinielekea mimi.
"Haya. Sema."

Nikaandika.
MWANAHAMISI R. KIONDO.
Herufi kubwa. Sikuvuka mstari.

Sasa niko mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo.
Kila muhula barua huja, neno lake la kwanza "Hongera".
Nikirudi Tanga likizo, napita Mgandini kabla ya nyumbani.
Mizani ile iko mezani kwa Mwantumu,
imebabuka rangi, haijawahi kudanganya.
Ananirushia chungwa la kijani.
"Wamekufundisha nini huko? Kadiria."
Nalipima kiganjani, nafumba macho.
"Gramu mia mbili na kumi."
Analiweka: mia moja themanini.
Analirudisha tengani.
"Bado," anasema,
nami sijathubutu kumuuliza
kama anasema chungwa.