Kujifungua

Mara tatu nimejifungua
na tangu hapo hakuna kinachofunga.
Zipu ya koti la kijivu hupanda hadi kitovuni, ikagoma
kama farasi aliyeona daraja bovu.
Kifungo cha suruali nimekiunga kwa mpira wa nywele wa Ugla,
ule wa zambarau, wenye kipepeo.
Kinachofunga ni choo tu.
Jana siku ya nne. Leo ya tano.

Muuguzi Jórunn alinipandisha kwenye mizani,
akaandika, asiseme namba.
Niliisoma kichwa chini miguu juu kwenye karatasi yake:
tisini na moja.
Kunywa maji, akasema. Kula vyenye nyuzinyuzi. Tembea.
Nitembee wapi, Jórunn? Theluji imefika kwenye kioo,
mtoto amelala nje ndani ya kigari chake,
na nikisogea mbali na dirisha maziwa yanatoka yenyewe.

Mimi nilikuwa mtu wa skii. Ulizeni Ísafjörður nzima.
Nilipanda hadi bonde la juu nikarudi uji haujapoa.
Hallveig, wifi yangu, kazaa pacha,
na wiki ya nane jinzi ikamkaa kama zamani.
Simwonei wivu.
Namwonea kiungulia.

Usiku tumbo langu huitisha mkutano.
Mkate wa rai unasimama kutoa hoja,
kabichi inapinga,
maziwa mgando yanaunga mkono pande zote mbili,
na hakuna wa kufunga kikao.
Steinar, mwenye miaka mitano, akaweka sikio:
"Mama, kuna mtu mwingine humo?"
"Hakuna. Ni chakula."
"Mbona analalamika?"

Ila dukani, Alhamisi, ndipo nilipofika mwisho.
Kijana wa kaunta, Eldar, mtoto wa fundi rangi,
akalitazama tumbo, akatabasamu kwa adabu:
"Hongera. Lini?"
Ningeweza kusema kweli.
Nikawaza jinsi masikio yake yatakavyowaka.
"Mwezi wa tano," nikasema.
Akanibebea viazi hadi garini, kilo kumi,
akanifungulia mlango, akaniambia nisiiname.
Na mimi sikuinama.
Mungu anisamehe, sijabebewa kitu tangu mwaka juzi.
Kolbeinn nilipomsimulia alicheka hadi akakaa chini,
halafu akanyamaza,
akaenda kuosha vyombo.

Leo jua linarudi.
Miezi miwili mlima umelikalia,
sasa mji mzima unakaanga chapati za maji,
krimu ndani, jamu ndani,
na kahawa ya kulipokea.
Nimekula sita. Andika, Jórunn: sita.
Ya saba nimeikunja nikaja nayo huku,
chumba pekee katika nyumba hii chenye komeo.

Nimekaa. Hakuna kilichotokea.
Kwenye kidirisha cha juu mwanga umeingia, mwembamba,
umetua gotini, umepanda tumboni,
unapita juu ya michirizi mmoja mmoja
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya zahanati.
Nimeuacha upite.
Sijavuta sweta.

Nje wanagonga. Ugla anataka kipepeo chake.
Steinar anauliza kama yule mtu ameshatoka.
Mdogo naye ameamka, kwa sauti ninayoisikia hadi kwenye chuchu.
Kolbeinn anawaambia: Mama anakuja.

Mama haji.
Jua la leo lina dakika nne, nilihesabu mwaka jana.
Ngojeni hapo hapo.
Sifungui.