Kibao cha Sentimita Sabini

Kabla ya fedha kulikuwa na beseni.
La bati, la bluu, limebanduka rangi ukingoni.
Nililiweka kwenye benchi la nne kushoto,
alipokuwa akiketi marehemu mume wangu,
na mvua ya Machi ikadondoka humo
to, to, to,
ikimjibu mchungaji Bálint kila alipovuta pumzi.

Mwaka wa thelathini na moja huu natunza hazina
ya kanisa la Nádaspuszta, uwandani, mashariki mwa Hungaria.
Zamani nilikata tiketi kwenye stesheni ya reli;
sarafu nazijua kwa uzito, hata gizani.
Sadaka ya Jumapili ilifika nusu ya chupa ya jamu:
forinti za wajane,
noti moja iliyokunjwa mara nne
jirani asijue kama ni ndogo au kubwa,
na kifungo cha koti.
Kifungo kilikuwa cha Lajos Rostás. Kila wiki kifungo.
Sikujua anavitoa wapi. Nilivitunza kwenye kopo.

Chupa ya jamu haiezeki paa.
Barua niliandika mimi, kwa mkono huu, msimsingizie mtu.
Kurasa kumi na tisa, mihuri mitatu,
na mahali palipouliza: taifa litafaidika vipi?
Nikaandika: watu watasali bila kulowa.
Nikafuta.
Nikaandika: kulinda urithi.

Jibu lilitangulia Pasaka. Milioni themanini.
Sufuri nilizihesabu kwa ncha ya sindano ya kufumia.
Mafundi wakaja na vigae vyekundu,
wakapangusa dari la mbao, na yale maua
waliyoyachora babu zetu kwa brashi za nywele za farasi
yakafumbuka tena, manjano, buluu,
nami nikalia. Ningekuwa mwongo kusema sikulia.

Kisha kikaja kibao.
Sabini kwa hamsini, ndivyo mkataba unavyotaka,
ukuta wa mbele, usawa wa macho ya mtu mzima,
kipigwe picha, picha itumwe.
Aya ya wazee wetu iko juu ya mlango,
herufi zake punje za mtama.
Anayeingia sasa huisoma serikali kwanza;
akibakiwa na muda, ndipo humsoma Mungu.

Hakuna aliyetuambia tunyamaze. Hili lieleweke.
Bwana wa ofisi ya mkoa alikunywa pombe yetu ya plamu,
akasifu vigae, akaulizia afya ya goti langu,
akaenda zake.

Ila Novemba ilitoka amri kuhusu akina Rostás,
nyumba tano za mwisho wa kijiji, wahame kabla ya theluji.
Mahubiri ya Bálint huyapiga chapa mimi.
Ukurasa wa pili palikuwa na sentensi moja juu yao,
maneno kumi na moja, niliyahesabu, ndiyo kazi yangu,
yamekatwa kwa penseli, taratibu,
kama mtu anayefuta chumvi kwenye orodha ya sokoni.
Nikamuuliza: nani kakwambia?
Akasema: hakuna.
Akatazama juu. Nami nikatazama juu.
Palikuwa pakavu kabisa.

Mkono mtupu haulambwi, sawa.
Lakini ulimi ukishashughulika kulamba,
utasema saa ngapi?

Beseni nimelirudisha nyumbani, nalowekea soksi.
Mvua ikinyesha usiku naisikia kwenye mifereji mipya,
inapita mbali na sisi, kwa adabu.
Chupa bado naihesabu kila Jumapili.
Noti zimeongezeka, maana watu hupenda kuchangia kanisa zuri.
Huwa naimimina yote mezani,
napapasa kwa vidole hadi chini.
Kifungo hakimo.

Mwaka huu ipo fomu ya mfumo wa joto.
Kanisa ni baridi, na sisi ni wazee.
Nimeshajaza hadi ukurasa wa saba.