Kwa Elinami, Anayesubiri Nje

Jumapili yetu huku huangukia Ijumaa.
Kila wiki, kwenye taa za Al Khuwair, unacheka:
"Hata siku mmeazima."
Kaburi pia lilikuwa la kuazima, Elinami,
likarudishwa siku ya tatu.

Jina lako lenyewe linabishana nawe.
Wasema babako mwinjilisti alikutilia saini
ukiwa huna hata meno.

"Ungezaliwa Nizwa," ulisema, "leo ungekuwa msikitini."
Huenda. Sikatai.
Nawe ungezaliwa Nizwa, hiyo shaka yako
ungeipata kwa nani? Nayo ina pasipoti?
Iligongewa muhuri uwanja gani?
Nilijifunza hesabu Wundanyi, chini ya bati linalovuja;
saba na tano ni kumi na mbili hata Maskati.

Bi Zuwena mwenye nyumba alitusikia ngazini,
akasema kwa Kiunguja chake cha utotoni:
"Mungu mwampigania kweli kweli, wanangu.
Na bili ya umeme, nimpelekee Yeye?"
Muumini na mkanaji, kimya,
tukapapasa mifuko.

Wasema Injili nne hazipatani.
Umesahau ajali ya mzunguko wa Barka?
Mimi niliona lori jeupe. Wewe uliona lori la maji.
Yule mzee wa Kibulushi hakuona lori kabisa,
aliona dereva, kichwa kimelala kwenye usukani.
Polisi hakusema hapakuwa na ajali.
Tungesimulia neno kwa neno sote watatu
angetuuliza tulikaa wapi kupanga.

Na mchungaji aliyekula pesa za mabati
alikula na zangu, shilingi elfu mbili.
Simtetei. Wanakwaya bado wanalowa.
Lakini wodini kwangu
muuguzi asiyenawa mikono
hajawahi kuifanya sabuni kuwa uongo.

"Imani ni gongo."
Miaka kumi na mmoja nagawa magongo;
sijampa hata mmoja
ambaye hakuwa amevunjika.
Nami mguu wangu naujua.

Kisha ukamtaja Mwachofi.
Mtaro wa mabomba, mwezi wa saba, jua la saa sita.
Nilimwekea barafu kwapani, barafu shingoni,
nikamwita kwa Kitaita, lugha ya mamake.
"Uliomba?" Niliomba.
"Basi?"

Basi, Elinami, hapo sina neno.
Wanaokuja msibani na jibu mkononi
natamani niwazibe midomo kwa plasta.
Ninachojua ni kidogo:
ninayemwomba ana makovu ya misumari,
na yeye mwenyewe, akikata roho, alilia
hilo hilo swali lako: mbona umeniacha?
Hukulileta kutoka nje ya kitabu.
Limo ndani, kwa sauti kuu.
Hilo si jibu. Ni mtu wa kukaa naye
kando ya kitanda, hadi mashine izimwe,
na hata baada ya kuzimwa.

Leo Ghala, Agosti, nyuzi arobaini na sita.
Wamalayali wanatoka, Wafilipino wanaingia,
sisi wa Kiswahili tuna chumba cha juu, saa tano.
Wewe, kama kawaida, umeegesha kwenye ukuta,
kiyoyozi kinavuma, unasoma habari za mpira.

Nimefika ngazini nikasikia kitu kimepungua.
Nimegeuka.
Umezima injini.

Katika joto hili mtu hazimi injini
ili abaki garini.
Sikuiti. Sipungi mkono.
Nimepanda, nimekaa karibu na feni,
na kiti cha pembeni nimekiwekea mkoba wangu
ili asikikalie mtu.