Kipimo cha Kombe

Hapa Maweni, kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Amu,
hatuchimbi ardhi. Tunachimba bahari iliyosimama.
Vumbi hutoka jeupe, hukaa kwenye kope,
na jioni nikiramba midomo, chumvi ile
ni ya jasho langu au ya maji ya zamani, sijui.

Kwanza gonga.
Hilo nilifundishwa na mguu wa Opondo.
Jiwe likiita ngaa, limeshikana: kata.
Likijibu pu, kama ngoma iliyonyeshewa,
toka, kikapu utakifuata kesho.
Siku ile hakugonga. Alikuwa akisimulia mpira.
Ukuta ukamwagika kama unga wa gunia lililotoboka,
na kila punje ilikuwa nzima, safi, haina ufa,
ila haikumjua jirani yake.

Sasa hukaa kivulini, mguu kaunyosha,
ananoa misumeno ya wenzake, shilingi hamsini meno yote.

Nami nikabaki na swali:
kwa nini hapa limeshika,
na pale, hatua tatu tu, halikushika?
Nimelisoma jibu kwa tindo, miaka minne.
Palipopigwa na wimbi ndipo penye nguvu.
Maji yalisukumwa matunduni, yakatoka, yakarudi,
usiku na mchana, na kila yalipopita
yaliacha utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
juu yake mwingine,
juu yake mwingine,
hadi tundu likazibika na punje zikashikana mikono.
Upande wa ndani, kwenye shwari, maji yalilala.
Mchanga ukastarehe. Hakuna aliyeusumbua,
hakuna aliyeufunga.

Wala mwamba haukungoja kufa ndipo ugande.
Juu matumbawe yalikuwa bado yakichipua vidole,
mwani mgumu, rangi ya ufizi, ukipaka viungo;
chini, dhiraa moja tu, mifupa ya jana
ilikwisha kuwa jiwe.
Wazee wa Amu walipotaka chokaa
walichoma mawe haya haya kwa magogo ya mkoko
mpaka moshi ukaingia kwenye nguo za harusi.
Bahari haikuwasha hata kijinga kimoja.

Juzi, Mbeyu kashika ncha ya pili ya msumeno,
tukapasua kombe.
Lilikuwa limefumba, halijapata kufumbuliwa.
Nusu ya chini tope lililoganda, rangi ya uji wa mtama;
nusu ya juu fuwele, meno meupe yakining'inia.
"Chumba na dari," akasema Mbeyu.
Mimi niliuona mstari ulio kati,
umenyooka kama maji ndani ya bakuli.
Tope lililala lilivyolazwa,
siku ambayo hapakuwa na mtu
wa kuuliza chini ni wapi.

Karani Shekuwe akaja, akahesabu: tisini na tisa.
"La mia liko wapi?"
"Limevunjika," nikamjibu.
Nilikuwa nimelikalia.

Nyumba yetu haijapita kiuno.
Opondo alilipanga konani, akiwa ameketi,
kwa pima maji ya kuazima. Kiputo kikatulia katikati.
Lakini mstari wa kombe umeinamia mlangoni:
tulilikata mshazari, mimi na Mbeyu,
tukifukuza idadi.
Opondo akanitazama. Akatazama mguu wake.
Kisha akaling'oa, akalichonga tumboni,
akaligeuza kidogo, kidogo tena,
hadi tope likalala.

Kombe na kiputo sasa vinasema neno moja.
Uso wa jiwe ndio uliopinda; huo nitauficha kwa lipu.

Kabla ya kulala nimetoka na taa, nikaligonga.
Pu.
Saruji bado mbichi.
Nimelinyunyizia maji kikombe kimoja, nikaingia ndani.