Kalamu ya Risasi

Alpi, Februari 1917

Ersilia, karatasi hii ni mgongo wa fomu ya viatu.
Mbele imeandikwa: jozi arubaini zinaombwa.
Zililetwa kumi na moja.
Nyuma nimekuchorea Delmo akishona kiatu kwa waya wa simu,
ulimi umemtoka pembeni
kama mtoto anayejifunza kuumba herufi.
Mwonyeshe Nives. Asione haya tena darasani.

Ya pili ni nyumbu. Tunamwita Kontesa.
Alipanda njia ya barafu usiku kucha na magunia ya unga,
asubuhi akala kofia ya luteni.
Kicheko sikuweza kukichora,
kwa hiyo nimechora mabega ya watu. Tazama yalivyoinuka.

Hapa ni chungu. Ugali wa mahindi, njano ileile ya kwetu,
ila huku tunaukata kwa shoka.
Tumeuzunguka saba.
Mwenye skafu ni Ampelio, hasemi mpaka ale.
Aliyeinama ni Tarcisio, wa ng'ambo ya mto wetu,
anayeapa kwamba Orsola wake anakushinda kupika.
Kwa kosa hilo nimempa pua kama kiazi.

Unasema barua iliyopita ilifika na tundu.
Ni mkaguzi. Nilichora mlima nyuma ya kibanda
bila kufikiri, kama mtu anavyochora anga,
naye akachukua mkasi, akaukata mlima
ukingo kwa ukingo, kwa utulivu wa fundi cherehani,
adui asije akajua tulipo.
Adui yuko hatua mia mbili.
Jioni tunamsikia akikohoa.

Nives akauliza mlima umekwenda wapi,
nawe ukainua karatasi dirishani,
na ndani ya tundu ukaingia mlima wetu,
ule wa nyuma ya zizi,
ukaenea.
Sentensi hiyo nimeisoma mpaka wino wako umechoka.
Tangu hapo sichori milima. Naacha peupe.
Jazeni wenyewe.

Usitume kalamu, ninayo. Ni ya risasi,
kama vitu vingi huku. Naichonga kwa bayoneti,
imebaki fupi kuliko kidole cha mwisho cha Nives.
Risasi za upande wa pili nazo huandika,
lakini zimejifunza nukta tu.

Alhamisi.
Sikupata mtu wa kumpa barua, kwa hiyo naongeza moja.
Ni vikombe. Vinaning'inia kwenye misumari, karibu na taa.
Nives atavihesabu, namjua,
huhesabu kuku, ngazi, meno ya babu yake.
Atapata vikombe saba, na watu mezani watano.
Mwambie wawili wako lindo.
Akiuliza tena, mwambie theluji imeziba njia,
hilo si uongo, iliporomoka Jumanne alfajiri,
tukachimba kwa koleo, kwa sahani, kwa mikono,
mpaka luteni asiye na kofia akasema basi.

Hakuna anayevigusa.
Jana Delmo aliviteremsha vile viwili, akavifuta vumbi,
akavirudisha, akatoka nje bila koti.
Cha kulia kina kutu kwenye kishikio.
Nimekichora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora uso.

Kontesa mzima. Amekonda.
Miguu yangu mizima pia, vidole vyote kumi,
nimevihesabu kwa niaba ya Nives.

Ukimkuta Orsola sokoni, usimwonyeshe picha ya chungu.
Au mwonyeshe, sijui. Mpe, iwe yake.
Ila kwanza chukua mkate laini, uifute ile pua polepole,
karatasi isichanike,
na uichore upya, ndogo.
Nilitia chumvi, Ersilia.
Alikuwa na pua ya kawaida kabisa.