Chuma Saba

Upepo kwanza. Alichuma majani mawili matatu,
akayaachia usawa wa kifua, akatazama yanakoangukia,
na mimi, kedi wake, mtoto wa Igogo mwenye kaptula ya shule,
nikajifunza kunyamaza kabla sijajua kugawanya.

"Unatoka ziwani," angesema. "Saa nne utageuka."
Na saa nne uligeuka.

Kapteni Evarist Machumu, mzaliwa wa Nansio,
aliyerusha ndege mwaka wa sabini na tisa
kuvuka Kagera. Hilo tu ndilo tulilojua.
Mengine alikuwa nayo
kama mtu mwenye kijiwe kiatuni, na anatembea tu.

Baada ya jeshi aliuza injini za boti.
Duka Kirumba, mlango wa bluu, harufu ya petroli na dagaa,
na safari za Kome, Ukara, Maisome,
begoni plagi, propela, karatasi za bei.
Hakusifia bidhaa. Aliiwasha ndani ya pipa la maji,
akafumba macho, akamwambia mteja: "Sikiliza.
Ikikohoa hapa, kule katikati itakufa."
Wakanunua. Nani asingenunua
kwa mtu anayekisikiliza chuma
kama mganga wa zahanati anavyosikiliza mgongo wa mtoto?

Jumamosi, gofu.
Mashimo tisa, nyasi za ng'ombe kabla hazijawa zetu.
Penye shimo hapana zulia la kijani, ni mchanga
uliomwagiwa oili chafu ya malori usipeperuke;
ukipiga goti, suruali inakwenda nyumbani na ushahidi.
Kunguru huiba mipira wakidhani ni mayai.
Pimbi hukaa juu ya mawe kama wajumbe wa kamati.

Hakuwa bingwa. Niseme kweli, maana msibani wamemsifu mno.
Karibu na shimo mkono ulimtetemeka,
alikosa mpira ambao hata mimi ningeutia kwa ufagio.
Lakini wa mbali! Chuma saba mkononi,
mpira ukapanda, ukatua kidogo pale juu pasipo na haraka,
naye shingo nyuma, mdomo wazi,
hadi uguse ardhi.
Ndipo akashusha pumzi.

Siku moja alikuja Mganda, Ssemakula, mnunuzi wa mabondo,
mtu wa mzaha, shati la maua.
Shimo la sita, ndege ya abiria ikapita chini ikitafuta uwanja,
na Ssemakula akainama.
Kidogo tu, kama anayefunga kamba za viatu.
Viatu vyake havikuwa na kamba.

Kapteni aliona.
"Ulikuwa wapi?"
"Masaka. Miaka tisa. Chini ya meza ya mama."

Hakuna aliyeuliza la pili.
Kapteni akaitazama fimbo yake kama vile ndiyo iliyosema.
"Tungoje," akasema, "upepo umegeuka."
Niliziangalia nyasi. Zilikuwa zimesimama wima.
Katika miaka yote, upepo huo mmoja tu ndio aliousingizia.

Jumatatu Ssemakula alichukua injini mbili kwa mali kauli.
Akalipa zote, miezi minne, shilingi hadi shilingi.
Kapteni akahesabu, akahesabu tena,
akagawa noti mafungu mawili, akasukuma moja
ng'ambo ya kaunta, karibu na kikokotoo.
Yule akalirudisha kwa kidole kimoja.
"Biashara ni biashara, Kapteni. Nipe risiti."
Nikaiandika mimi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka,
na hapakuwa na shimo karibu.

Waliendelea kucheza kila mabondo yalipopanda bei.
Walibishana juu ya alama, wakadaiana soda.
Sijui kama walizungumza. Kedi hubaki hatua kumi nyuma.

Tumemzika Nansio, mvua ikiwa imetangulia.
Duka sasa nalishika mimi; mlango nimeupaka rangi ileile.
Chuma saba kimeegemea ukuta nyuma ya pipa.
Wateja huuliza kama ni cha kupigia mbwa.
Nawaambia ndiyo.
Kisha nawasha injini, na ninafumba macho.