Kufuli

Nyumba yetu ya Mwanzange ina funguo nne,
na usiku ule haikuwa na mtu.

Mama alikuwa Bombo, chumba cha kufulia,
akikunja mashuka ya wodi ya wazazi.
Baba alikuwa Pongwe, analinda ghala la katani
kwa tochi ya betri tatu, moja imechoka.
Riziki alikuwa Mwambani kwa mama mdogo,
kakimbizwa surua ya mtoto wa jirani.
Mimi nilikuwa Handeni, nasahihisha madaftari,
na huku hata kibatari hakikutikisika.

Saa mbili redio ikakitaja kimbunga kwa jina,
jina zuri, kama la binti anayeanza shule.
Nikampigia mama. Akasema: Usijali,
baba yako yuko nyumbani, kafunga madirisha.
Nikampigia baba. Akasema: Usijali,
mama yako yuko nyumbani na mtoto, wamelala.
Kila mmoja nikamjibu: Haya.
Sikumwambia yeyote kwamba nimempigia mwenzake.

Simu ya tatu haikuita.
Yule mwanamke wa mtandao akaniambia,
kwa sauti iliyooga ikapakwa mafuta,
kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa.
Nikamuuliza: Na wewe uko wapi, dada?
Kwenu mmeezeka kwa nini?

Yaliyobaki nimeyapata vipande vipande,
kila mtu ananipa chake na kukalia kingine.

Mama anasema jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Maji yakapita chini ya mlango polepole,
kama mgeni anayevua viatu.
Wakapandisha vichanga ghorofani gizani, wanapapasa ngazi.
Mama alijifunga kifuani mtoto asiyemjua
kwa shuka alilolikunja mwenyewe jioni ile.
Hasemi kama alilia.
Anasema shuka lilikuwa safi.

Baba anasema upepo haukupiga kelele,
ulitamka herufi moja tu, ndefu, hadi alfajiri.
Alijichimbia katikati ya marobota,
na robota moja likaondoka zake kuelekea Muheza
bila hati, bila sahihi ya mlinzi.
Hapo baba hucheka. Anasema hakuogopa.
Ila tangu siku ile halali chumba kikiwa kimefungwa.

Riziki hasimulii. Riziki anachora.
Kachora darasa lililojaa watu wasio na miguu,
mahali pa miguu kapaka buluu.
Pembeni kabisa kuna kiboksi cha njano.
Nini hiki?
Nyumbani.
Mbona hakuna mtu?
Ndiyo maana inaogopa.

Asubuhi wakarudi, kila mmoja na njia yake:
mama na kandambili moja,
baba na nyuzi za katani kwenye ndevu,
Riziki mgongoni kwa mama mdogo, mkubwa kiasi cha kuaibika.
Wakakutana uani, hawakukumbatiana.
Baba aliuliza tu: Umekula?

Ukuta wa kushoto ulikuwa umelala chini.
Mabati sita yalikuwa juu ya mwarobaini wa Bi Mwanatumu,
godoro letu lilikuwa kwa watu.
Lakini mlango ulisimama ndani ya fremu yake,
umefungwa, na kufuli lake linaning'inia.
Kuku wa jirani walikuwa wanaingia na kutoka watakavyo.

Mama akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo.
Mama mdogo akamwambia: Dada, pita hapa.
Mama akasema yeye si mwizi.
Ufunguo ukagoma, kufuli limejaa mchanga.
Baba akatoa wake, akautia mate, akazungusha,
likaachia.

Hodi, akasema mama.

Na kwa ndani, alikokwisha kupitia ukutani,
Riziki akauliza kwa sauti ya mwenye nyumba:
Nani?

Mimi hayo nilikuwa siyajui.
Mtandao ulirudi saa tano, nipo ubaoni, chaki mkononi,
ukaniletea ujumbe wa mama wa usiku uliopita,
uliokwama angani saa kumi na tatu:
Lala mwanangu. Nyumba imetulia.